Kijito cha Kitandani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mwoka mikate alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuinua miguu ili mpira wa maji upite. Mpira uliingizwa dirishani. Mama mkwe wake aliuvuta mpaka kwenye karai lililowekwa miguuni pa kitanda, akatumbukiza ncha yake, kisha akatoka nje kuunyonya upande wa pili mpaka maji yakashika njia. Nyumba ilijengwa juu ya msingi mrefu, kwa hiyo maji yakishashika njia hayakuhitaji kubembelezwa. Nje, watu wa mtaa walikuwa wameshapanga ndoo.

"Bi Harusi, umeamkaje?" waliuliza kupitia wavu wa dirisha.

Alijibu kwamba ameamka salama. Walimwita Bi Harusi tangu siku aliyoletwa. Wanawake walioolewa mtaani baada yake walikuwa wameshabadilishwa majina, wakawa mama wa huyu na mama wa yule. Jina lake yeye halikupata pa kuhamia.

Kijito kilianzia kwenye ubao wa kichwani, kati ya mahali alipolaza kichwa mume na mahali alipolaza kichwa mke. Kilishuka katikati ya godoro, kikaanguka miguuni kwenye bati ambalo mume, aliyekuwa fundi saa na mtu wa mikono myepesi, alilikunja likawa mfereji wa kumimina kwenye karai. Upana wa kijito ulikuwa kama viganja viwili. Maji yalikuwa ya baridi, na chini kabisa zilionekana changarawe. Godoro halikuoza. Mashuka ya kila upande yalibaki makavu, isipokuwa pindo. Bwana afya alikuja na vichupa vyake, akapeleka maji kupimwa, akarudi kusema yanafaa kunywewa hata bila kuchemshwa.

Kilianza siku ile ile ya harusi, wageni walipokwisha kuondoka. Fundi saa alikaa kitandani na suti yake, akatazama mikono yake kwa muda, akasema, "Samahani. Si kosa lako." Kisha akalala akiwa ameelekea ukutani. Mwoka mikate alingoja. Alizoea kungoja unga uumuke, akadhani mambo mengine nayo huenda hivyo. Kulipokucha alikuta mstari wa unyevu kati yao. Alidhani amelia usingizini, akajipapasa uso, akaukuta mkavu.

Alimweleza mama mkwe, kwa aibu, huku wakichambua mchele. Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Alisema wanaume wengine ni kama gari la zamani asubuhi, linataka kusukumwa kidogo, na kwamba ampe muda. Alimpa muda. Maji nayo yalitumia muda huo huo kuongezeka. Siku ambazo mume na mke walisemezana kwa adabu sana, "pita wewe," "hapana, tafadhali, tangulia wewe," yalijaa mpaka karai likafurika.

Mtaa ule ulikuwa hauna maji. Waliojenga barabara walikata bomba kuu, wakalifukia, na mabomba ya nyumbani yakawa ya kuanikia matambara. Kwa hiyo habari ya kijito ilipokelewa vizuri. Mama mkwe hakuuza hata ndoo moja. Aligawa bure, na kwa ajili hiyo alipendwa, akawa mtu wa kukaribishwa kiti kila alipopita. "Ndoa za wengine zinatoa moshi," muuza mkaa alipenda kusema akiwa kwenye foleni, "hii inatoa maji," na watu wakacheka, na mwoka mikate ndani naye akatabasamu kwa sababu walikuwa wanamtazama.

Mara kadhaa alitaka kuondoka. Mara ya kwanza kukatokea msiba nyumba ya tatu, na waombolezaji walihitaji maji. Mara ya pili watoto wa mtaa waliharisha, na bwana afya akasema kinachowaponya ni maji yale. Kila mara mama mkwe alimshika mkono na kumwambia asubiri hili lipite. Yalipita, na mengine yakaja.

Siku moja, kazini, alikuwa anakanda unga. Aliuweka kwenye meza, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, akashindwa kuviondoa. Unga ulikuwa na uvuguvugu, nao ulimsukuma polepole kutoka chini, jinsi unga mzuri unavyofanya. Alisimama hivyo mpaka mwenzake akamwita mara mbili. Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu aolewe, ukiacha watu wa kupeana nao mikono, hicho ndicho kitu pekee chenye joto kilichowahi kumgusa kikamrudishia mguso. Jioni ile, bado ana unga masikioni, alipanda ngazi kwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, juu ya duka la kutoa fotokopi.

Wakili alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye feni mbovu na subira. Alimweleza kwamba kuna njia mbili za kutoka, na kwamba watu huzichanganya. Talaka huvunja ndoa iliyokuwapo. Kubatilisha ni kuiomba mahakama itamke kwamba ndoa ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Zipo kasoro zinazoifanya isiwe ndoa hata kwa dakika moja: mmoja wao akiwa na ndoa nyingine isiyoruhusu ya pili, wakiwa ndugu wa damu, akiwa bado mtoto, akiwa amelazimishwa. Na zipo kasoro ambazo ndoa husimama nazo mpaka mwenye kuumia aende mwenyewe kulalamika. Tendo la ndoa kutofanyika ni mojawapo.

"Mmewahi kukutana?" wakili aliuliza. "Hata mara moja, hata kwa kujaribu?"

"Hatujawahi. Kuna maji katikati."

Wakili aliandika bila kuinua uso. Aliuliza kama yanatembea au yametuama, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa na mteja mwenye dimbwi, na mahakama ikasema dimbwi linaweza kukaushwa na mume mwenye nia.

"Yanatembea."

"Hiyo inatusaidia."

Kisha alimwambia wazi kwamba talaka ingekuwa nyepesi. Kwenye kubatilisha kuna mitego miwili. Wa kwanza, mume na mke wakikubaliana mno mahakama hushuku wamekula njama. Wa pili, aliyejua kasoro akakaa kimya huonekana ameikubali. Mwoka mikate alifikiri kidogo, akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa blauzi.

"Talaka wanapewa waliooana," alisema. "Mimi nataka waseme kilichotokea. Nilikuja, nikakaa, na hakukuwa na ndoa. Wakishasema hivyo nitapanga chumba changu."

Wito wa mahakama ulipofika nyumbani, mama mkwe aliupokea kwa mikono miwili, akamsomea fundi saa, akaukunja vizuri. Hakugomba. Siku ya pili alimnunulia mkwewe mashuka mapya ya maua. Siku ya tatu walikuja wazee wa mtaa, wakiongozwa na Mzee Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa akishawashwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Walikaa sebuleni, wakanywa chai iliyopikwa kwa maji ya kijito, wakaisifia.

"Mwanangu," alisema Mzee Redio, "sisi hatuingilii ndoa ya mtu. Tumekuja kuzungumzia maji."

Alieleza kwa kirefu. Mahakama ikisema hakuna ndoa, kijito kitakuwa kinapita katikati ya nini? Aliwataja wajawazito, wazee, na mwanamke mwenye ugonjwa wa figo wa nyumba ya pembeni. Hakuna aliyemtukana mwoka mikate, wala kumtishia. Mmoja aliuliza kwa upole ni wanawake wangapi wana kila kitu kitandani na bado wanalia. Mwingine akasema, hata hivyo fundi saa hampigi. Mwoka mikate alikubali kwamba hampigi. Akawaongezea chai.

Walipoondoka aliingia chumbani. Kulikuwa bado na mwanga. Fundi saa alikuwa amekaa upande wake wa kitanda, na yeye akakaa upande wake. Maji yalipita kati yao.

"Ulijua?" alimuuliza. "Kabla ya kuja kwetu."

"Nilijua. Tangu nikiwa kijana. Nilimwambia mama, akaniambia ndoa itanifundisha."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia usingekuja."

Alisema hivyo bila hila yoyote, kama anavyomweleza mteja kwamba saa haifai tena. Mwoka mikate alitazama vidole vyake, vilivyokuwa vizuri, na ambavyo angeweza kuvipenda. Alimwomba aende akaseme maneno hayo mahakamani. Fundi saa alichovya mkono katika kijito, akausafisha ingawa haukuwa mchafu, akasema atasema.

Shauri lilisikilizwa katika chumba kidogo ambacho kilijaa mpaka mlangoni. Mtaa mzima ulikuja, umevaa nguo safi sana. Mama mkwe aliapa, akasema kitanda cha mwanawe ni kitanda cha ndoa, na kwamba yeye analala chumba cha pili na husikia vicheko. Wakili wa msaada alimuuliza kama ana hakika ni vicheko wala si maji yanayopita juu ya changarawe. Mama mkwe alisema kwa umri wake haoni tofauti. Fundi saa aliitwa, akasimama, akafungua mdomo, akaona nyuso za mtaa zimemgeukia, akaufunga. Hakimu, mtu mpole mwenye maumivu ya mgongo, alisema basi mahakama itahamia kwenye kitanda.

Walikwenda siku hiyo hiyo. Hakimu alivua viatu na soksi mlangoni, akaomba ruhusa ya kukaa kitandani, akapewa. Aliuliza kina cha kijito. Fundi saa alifunga kipande cha risasi kwenye uzi, akauteremsha mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa na godoro, na ingawa changarawe zilionekana chini, uzi ukaendelea kushuka mpaka ukaisha. Karani aliandika kwamba kina hakikupatikana. Hakimu akaomba bilauri, akachota, akanywa. Alisema nyumbani kwake maji yakitoka ni ya rangi ya chai. Wakili alikumbusha kwa heshima kwamba kielelezo hakinywewi. Hakimu alikiri kwamba ni kweli, akamaliza bilauri.

Madirisha yote mawili yalikuwa yamejaa vichwa vya watu wa mtaa. Wengine, kwa kuwa wameshafika, walikuja na ndoo.

"Bwana fundi," hakimu alisema, "uko chini ya kiapo. Umewahi kuvuka kwenda upande wa mkeo?"

Fundi saa alimtazama mama yake, kisha dirishani, kisha maji. Mwoka mikate alimwonea huruma, hata katika saa ile ambayo maisha yake mwenyewe yalikuwa mdomoni mwa mtu huyo.

"Sijawahi," alisema fundi saa. "Na nilijua sitavuka. Nilijua kabla ya kumwoa. Yeye hakujua."

Ilikuwa sentensi aliyoibeba tangu ujanani, na alipoitoa alikaa chini kama mtu aliyetua gunia. Alitazamia kelele. Hapakuwa na kelele. Kulisikika ndoo ikigonga ukuta.

"Hilo tunalijua, mheshimiwa," alisema muuza mkaa kutoka dirishani.

Hakimu alimgeukia. "Mnalijua tangu lini?"

"Zamani. Hata posa inapelekwa tulikuwa tunajua. Mtaa ni mdogo."

"Na huyu bibi hakuambiwa?"

Watu wa dirishani walitazamana. Ilionekana kwamba swali hilo hawakuwahi kuulizwa, na kwamba walilitafutia jibu kwa uaminifu.

"Yeye si alikuwa wa mtaa wa mbali," alisema muuza mkaa.

Mwoka mikate alikuwa amesimama karibu na kabati. Alizitazama nyuso zile moja moja. Zilikuwa nyuso zilizomwamkia kila siku na kumuuliza ameamkaje. Mwanamke mwenye figo alimpungia mkono kidogo, naye akajikuta ameupunga wa kwake kumrudishia. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba siku ya harusi, alipopita kati ya watu wale wote wakipiga vigelegele, yeye peke yake ndiye hakujua anapelekwa wapi.

Wakili alisema hana swali zaidi. Alikuwa anatabasamu kidogo. Kisha hakimu akamgeukia mwoka mikate.

Alimuuliza alijua lini. Akajibu kwamba alijua usiku wa kwanza. Alimuuliza kwa nini alibaki. Akasema aliambiwa asubiri. Na nani? Na wote, mheshimiwa.

"Uliwahi kunywa maji haya?"

Kalamu ya wakili ilisimama. Mwoka mikate aliiona ikisimama, na akajua swali limefika mahali pabaya, lakini alikuwa ameapa.

"Ndiyo."

"Na kupikia?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na kuoga?"

"Hakuna maji mengine."

Karani aliandika yote matatu.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Hakimu aliusoma taratibu, akiegemea upande mmoja kwa ajili ya mgongo wake. Mahakama imeridhika kwamba tendo la ndoa halijafanyika. Imeridhika kwamba mume alijua udhaifu wake na akauficha, na mama yake akauficha, na majirani wakauficha. Imeridhika kwamba kijito kipo, kinatembea, na hakivukiki. Katika kila jambo mwoka mikate alisema kweli, na mahakama inamshukuru kwa ukweli wake. Hata hivyo, aliyeijua kasoro ya ndoa, akaendelea kunywa kinachotoka katika ndoa hiyo, akapikia na kukiogea, amekwisha kuikubali, na hawezi kugeuka leo na kusema haikuwapo. Ombi la kubatilisha limekataliwa. Hajazuiwa kudai talaka. Ila talaka haifiki mahakamani kabla mume na mke hawajapita kwenye baraza la usuluhishi la mtaa wao, likajaribu kuwapatanisha na kutoa cheti kwamba limeshindwa.

"Mwenyekiti wa baraza la mtaa wenu ni nani?" hakimu aliuliza.

Mzee Redio aliinua mkono kutoka viti vya nyuma, akausimamisha mpaka alipoonekana.

Nje ya mahakama wakili alimwambia kwamba rufaa ipo, ila ina muda wake, na muda huo umeshaanza kutembea. Akampa pia pole. Fundi saa alikuwa amesimama kando, akimshikia mkoba. Mama mkwe alimkumbatia mkwewe mbele ya watu, kwa mapenzi ya kweli, akasema sasa yameisha, twende nyumbani. Walikwenda kwa miguu, mtaa mzima ukiwafuata nyuma kwa heshima, na mtu akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, akanyamazishwa.

Jioni ya siku iliyofuata gari la mahakama lilisimama mbele ya nyumba. Dereva alishuka na madumu mawili ya manjano, akapiga hodi. Mama mkwe alisema mgeni kama huyo hawezi kupangwa dirishani, akampitisha sebuleni mpaka chumbani. Mwoka mikate alikuwa ametoka kazini, anajifungua kitambaa cha kichwani.

"Mheshimiwa anakusalimu sana, dada," alisema dereva.

Aliitikia salamu. Akaona kwamba mdomo wa dumu ni mwembamba na mtu mmoja hawezi kulishika na kukinga kwa pamoja, basi akapiga magoti upande wa pili, akalishika kwa mikono miwili mpaka likajaa, kisha akashika la pili. Maji yalikuwa mengi kuliko kawaida. Alipokuwa anakaza kifuniko alimuuliza dereva, kwa sauti ya chini, ofisi ya rufaa hufungwa saa ngapi, kwa sababu yeye hutoka kazini alasiri.

Dereva alifikiri. Alikuwa mtu mwema na alitaka kusaidia.

"Hapo sijui, dada," alisema, akainua madumu yote mawili kwa mpigo mmoja. "Mimi nimetumwa maji tu."